Malkia Aliyehukumiwa Pasipo Kusikilizwa

Mtu atazamapo mchezo, hasira za namna mbili zaweza kumpata. Aweza kumkasirikia mtu aliyemo mchezoni kwa uovu alioutenda, na aweza kumkasirikia mtunzi kwa kumtendesha uovu huo. Hasira ya kwanza ni heshima kwa mtunzi, kwa kuwa hapana mwenye akili anayekikasirikia kivuli asichokisadiki. Hasira ya pili ni mashtaka juu yake. Taabu ni kwamba hasira hizi hufanana kama pacha, na aghalabu mwenye kushikwa nazo hajui ni ipi iliyomshika. Nataka kujaribu kuzitenga, na kwa kazi hiyo nimechagua sehemu moja ya mchezo uliowaudhi watazamaji wengi mno, hata zaidi ya watu milioni moja wakatia majina yao katika ombi la kutaka msimu mzima utungwe upya na watunzi wenye ujuzi.

Mchezo huo ni Game of Thrones, uliotolewa Marekani na kampuni ya HBO na kuonyeshwa katika televisheni tangu Aprili 2011 hata Mei 2019, misimu minane yenye sehemu 73. Asili yake ni vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Cha sita hakikuwa kimetoka mchezo ulipokwisha. Kwa hiyo watunzi wa mchezo, David Benioff na D. B. Weiss, walifika mahali ambapo iliwapasa kusafiri bila ya kitabu mkononi, wakiwa na habari za miisho mikubwa tu walizosimuliwa na mwenye hadithi. Sehemu nitakayoihukumu huitwa The Bells, nami nitaiita Kengele. Ilionyeshwa tarehe 12 Mei 2019, ikiwa ya tano katika sita za msimu wa mwisho. Iliandikwa na hao wawili na kuongozwa na Miguel Sapochnik.

Asiyeujua mchezo yamtosha haya. Daenerys Targaryen ni binti wa mfalme aliyeuawa, naye alikulia uhamishoni pasipo mali yoyote isipokuwa jina. Nduguye alimwoza kwa mtawala wa wapanda farasi ili yeye nduguye apate jeshi. Mume akafa, mtoto akafa, na mwanamke akaingia katika moto uliochoma maiti ya mumewe akatoka hai na majoka matatu machanga. Majoka yakakua. Kwa nguvu zao aliivunja milki ya watumwa katika miji mitatu ya ng'ambo, Astapor, Yunkai na Meereen, na walioachwa huru wakamwita mama. Mwishowe akavuka bahari kukidai kiti cha baba yake katika mji wa King's Landing, uliokuwa chini ya Malkia Cersei. Katika Kengele jeshi la mji linashindwa kwa muda mfupi. Askari wanatupa panga zao chini. Kengele za mji zinalia, nazo ndizo ishara ya kusalimu amri. Daenerys, akiwa juu ya joka lake Drogon ukutani mwa mji, anazisikia. Analitazama jumba la kifalme lililo mbele yake. Uso wake unatetemeka. Kisha joka linaruka, na badala ya kuliendea jumba moja kwa moja linaanza kuchoma njia moja baada ya nyingine, pamoja na watu waliomo.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni hili: hakuna aliyelalamika juu ya joka. Mamilioni ya watu waliketi majumbani mwao wakatazama mnyama mwenye mbawa, mkubwa kupita nyumba, akitema moto, wala hawakusema kwamba haiwezekani. Walichokataa ni moyo wa mwanamke mmoja uliogeuka katika muda wa pumzi chache. Aristotle alikwisha kulieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliposema kwamba mshairi na achague lisilowezekana lakini lenye kusadikika kuliko liwezekanalo lakini lisilosadikika. Hadithi za majoka na majini zimeishi kwa kanuni hii tangu kale. Bibi aliyetusimulia habari za zimwi hakuulizwa zimwi lilitoka wapi. Aliulizwa kwa nini mtoto alikwenda mtoni peke yake ilhali alikatazwa. Na ole wake akose jibu.

Lakini ombi la watu milioni si ushahidi, kama ilivyo kwamba tuzo nayo si ushahidi. Maana Septemba ya mwaka uo huo mchezo ulipewa tuzo ya Emmy kwa kuwa mchezo bora wa mfululizo. Tuyaweke yote mawili kando na kuusikiliza mlalamiko wenyewe. Mlalamiko ulio mkubwa ulikuwa huu: mwanamke aliyewafungua watumwa hawezi kuwachoma watu wasio na silaha. Naona mlalamiko huu ni dhaifu, na wengi walioutoa walikuwa katika hasira ya kwanza wakidhani wamo katika ya pili.

Fikiri juu ya Meereen, katika msimu wa nne, mwaka 2014. Mabwana wa mji ule walisulubisha watoto 163 wa kitumwa njiani, mmoja kila maili, ili kumtisha malkia asije. Alipouteka mji alisulubisha mabwana 163. Hakuuliza nani alitoa amri, wala nani aliipinga. Alihesabu. Sehemu chache baadaye kijana mmoja, Hizdahr zo Loraq, anakuja mbele ya kiti chake kuomba ruhusa ya kumzika baba yake, ambaye maiti yake ingali juu ya mti. Na baba huyo alikuwa amepinga kusulubiwa kwa watoto. Onyesho hili si refu, lakini ndilo fundo la tabia yake yote. Watunzi walituonyesha wazi kwamba haki ya mwanamke huyu ilikuwa haki ya hesabu, na mwenye haki ya hesabu siku moja atahesabu mji. Ongeza juu ya hayo mwanamke mganga aliyemchoma mwishoni mwa msimu wa kwanza, vitisho vyake vya kuteketeza miji mbele ya lango la Qarth, na baba na mwana wa ukoo wa Tarly walioangamizwa kwa moto mwaka 2017 kwa kukataa kupiga magoti.

Sisi tulifanya nini wakati huo? Tulishangilia. Nakumbuka tulipotazama Astapor inawaka, chumbani petu palipigwa makofi. Waliokufa walikuwa wanunuzi na wauzaji wa watu, na mwanamke aliyekuwa akiwaangamiza alikuwa mzuri, kijana, na mwenye maneno ya uhuru. Kule kwao Marekani wapo wazazi waliowapa binti zao majina yake. Hasira iliyotupata miaka sita baadaye ilikuwa na haya ndani yake, haya ya mtu aliyegundua kwamba alimpigia makofi asiyemjua. Haya hiyo hatuna haki ya kumdai mtunzi. Yeye alitupa dalili zote, nasi tulizikunja tukazitia mfukoni.

Hata hivyo shauri halijesha, kwa sababu upo ushahidi wa upande wa pili, nao ni wa watunzi wale wale. Mwishoni mwa msimu wa nne mchunga mbuzi anaingia katika baraza la Meereen akibeba kifurushi. Anakifungua mbele ya malkia. Ndani yake mna mifupa iliyoungua ya binti yake wa miaka mitatu, aliyechomwa na Drogon. Malkia hasemi mengi. Anayaongoza majoka yake mawili mengine, anaowaita wanawe, mpaka shimoni chini ya mji, anayafunga minyororo shingoni kwa mikono yake, na anatoka akilia huku yakimlilia gizani. Kwa mifupa ya mtoto mmoja asiye na jina kubwa alijinyima silaha zake na wanawe. Huyu naye ni Daenerys, wala si wa uongo kuliko yule wa misalaba.

Tuna basi mtu mwenye pande mbili zilizothibitishwa, na swali lililo mbele ya mtunzi si kama aweza kuchoma mji. Aweza. Swali ni nini kilichomvusha kutoka upande wa mifupa hata upande wa misalaba, tena siku ile na saa ile, baada ya kushinda. Mchezo unaorodhesha misiba yake ya siku zile: mtumishi wake mwaminifu Jorah amekufa vitani, joka lake la pili limeuawa, rafiki na mkalimani wake Missandei amekatwa kichwa mbele ya macho yake, mpenzi wake Jon Snow amegundulikana kuwa mwana wa kaka yake na mwenye haki ya kiti kumpita yeye, naye hawezi tena kumkumbatia kwa mapenzi, mshauri wake Varys amemsaliti. Misiba hii ni mingi, na ghadhabu yake naisadiki yote. Lakini ghadhabu ina anwani. Aliyemkata Missandei kichwa ni Cersei, naye yumo mnarani, mbele ya macho ya malkia, na anga iko wazi. Mambo yote yaliyotayarishwa yanaeleza moto juu ya jumba. Hakuna linaloeleza moto juu ya muuza samaki.

Yapo maneno mawili katika sehemu hiyo yanayokaribia kutoa sababu. Anamwambia Jon kwamba katika nchi hii hapendwi, anaogopwa tu, basi na iwe hofu. Tena Tyrion anapomsihi awahurumie raia, anajibu kwamba huruma yake ni kwa vizazi vijavyo, visije vikashikwa mateka na mdhalimu. Maneno haya ni ya siasa, ni baridi, na mtu aliyeyasema angeuchoma mji kwa uso mkavu kama hakimu anayetia sahihi. Lakini onyesho la ukutani limefanywa kwa moto wa moyo: pumzi zinakwenda mbio, macho yanajaa machozi. Sababu zilizosemwa ni za akili, na kitendo kinaonyeshwa kuwa cha wazimu, nazo hazikutani. Baada ya sehemu kuonyeshwa mmoja wa watunzi alieleza kwamba malkia hakuwa amekusudia tangu awali; aliliona jumba lililojengwa na wazee wake likiwa mikononi mwa adui, ndipo akalifanya jambo hilo kuwa lake binafsi. Maelezo haya nayo ni ya jumba. Na hata kama yangekuwa ya njia za mji, kazi inayohitaji mtunzi asimame mlangoni kuwaeleza watu wanaotoka kilichotokea ndani imeacha kitu bila kuandikwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaye mtu wa kumlinganisha naye, tangu Julius Nyerere alipomfasiri Shakespeare mwaka 1963. Brutus anamuua rafiki yake. Kabla ya kumuua tunakuwa naye bustanini usiku, peke yake, tukimsikia akikiri kwamba yeye mwenyewe hana ugomvi na Kaisari, na kwamba anamhofia kwa atakavyokuwa akivikwa taji. Sababu yake ni mbovu. Anataka kumuua mtu kwa kosa ambalo hajalitenda. Lakini ni yake, tumeisikia, na tunapoikataa tunamkataa Brutus mwenyewe wala si Shakespeare. Hata kwetu pwani, masimulizi ya Fumo Liyongo hayakumwacha yule mwana aliyemchoma baba yake kwa sindano ya shaba atende hivyo bure. Kwanza aliahidiwa binti wa mfalme. Bei ni ya aibu, lakini imetajwa, na kila msikilizaji ajua ni kwa kiasi gani baba yule aliuzwa.

Wako waliojibu shtaka hili, na jibu lao ni zuri kuliko walivyopewa sifa. Wasema: mara joka liondokapo ukutani uso wa Daenerys hauonekani tena mpaka mwisho wa sehemu. Kamera inashuka chini. Tunakwenda na Arya Stark kati ya vumbi na majivu, pamoja na mama mmoja na kitoto chake cha kike kilichoshika farasi wa kuchezea. Baadaye tunawaona wawili hao wamekuwa makaa, wamekumbatiana, na yule farasi yungali mkononi. Wenye jibu hili wasema kwamba huu ni uadilifu: miaka minane tuliutazama moto kutoka mgongoni mwa joka, na ni haki mara moja tuutazame kutoka barabarani. Kwa anayeungua, sababu za mchomaji zina faida gani?

Nakubali nusu nzima ya jibu hili. Katika dakika zipatazo 80 za sehemu hiyo, zile za majivu ndizo bora, na ni miongoni mwa zilizo bora katika mchezo wote. Mwongozaji alijua alilolifanya. Lakini wakati wa kutoa sababu haukuwa baada ya kengele, ulikuwa kabla. Hapana aliyeomba tukae na malkia juu ya joka wakati watu wanaungua. Tuliomba tukae naye usiku uliotangulia, kama Brutus. Tena nadhani wenye jibu hili wamekosea kwa wale wale wanaotaka kuwatetea. Muuaji asiye na sababu si muuaji tena. Anakuwa gharika au tetemeko la nchi. Mama yule na mtoto wake wakifa kwa gharika twaweza kuwalilia, lakini hatuwezi kumshtaki mtu kwa ajili yao. Kumsikiliza mshtakiwa hakufanywi kwa kumpendelea. Hufanywa ili hukumu iwe juu ya mtu, na ili aliyekufa awe na mdeni. Watunzi walipomnyima malkia sababu, waliwanyima na waliokufa barabarani haki ya kumwambia: ulijua, na ukatenda.

Ni kweli kwamba katika sehemu ya mwisho, iliyofuata wiki moja baadaye, anapewa nafasi ya kusema. Amesimama mbele ya kiti alichokitafuta maisha yake yote, anamweleza Jon juu ya ulimwengu mwema ambao yeye ndiye aujuaye, na wengine hawana haki ya kuchagua. Ni maneno ya kutisha na yameandikwa vizuri. Lakini ni utetezi uliosomwa baada ya hukumu, na muda mfupi baadaye anachomwa kisu. Maneno hayo yangalikuwa na nguvu mara kumi kama tungaliyasikia wakati bado twaweza kumwambia asiende.

Pahala palipoachwa wazi na sababu hapabaki patupu, na katika Kengele pamejazwa na damu ya ukoo. Mwanzoni mwa sehemu Varys anakumbusha ule usemi kwamba kila azaliwapo Targaryen miungu hurusha sarafu hewani, upande mmoja ukuu, upande mmoja wazimu. Baba yake Daenerys alikuwa Mfalme Mwenye Wazimu aliyetaka kuuchoma mji uo huo, basi binti akauchoma. Kwa mtazamaji aliyekosa sababu, sarafu ni starehe kubwa. Lakini ikiwa ni sarafu, minyororo ya Meereen ilikuwa nini? Na Hizdahr alipoteza wakati wake kumwomba nani? Hili si la mchezo tu. Kila palipotokea mauaji makubwa duniani husikika sauti ikisema kuwa wauaji walikuwa wazimu, au kwamba ndivyo ulivyo ukoo wao. Ni sauti ya kutuliza, kwa sababu inatutenga nao. Pia ni sauti iliyowahi kutumiwa kuwaua watu ambao hawakuua mtu, kwa kuwa wao nao walikuwa na damu hiyo hiyo. Hadithi iliyotumia misimu saba kuonyesha kwamba mtu hutokana na anayoyachagua haikupasa kukimbilia sarafu siku ya haja.

Makosa mengine ya sehemu hii ni ya ufundi, nami nitayapita haraka. Pinde kubwa za mitambo zilizomuua joka wa pili katika sehemu iliyotangulia kwa mishale michache tu, zikipigwa kutoka katika merikebu zinazoyumba, hapa zimepangwa kwa makumi ukutani na majini wala hakuna hata moja inayompata Drogon. Silaha ikiwa kali leo na butu kesho kwa kufuata haja ya mtunzi, mtazamaji hujua kwamba hayuko tena katika ulimwengu bali katika karatasi. Kisha misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, wa saba ukawa na saba, na wa nane sita. Na kampuni ilikuwa tayari kutoa nafasi zaidi kama wangalitaka. Mwendo wa haraka si kosa kwa nafsi yake. Lakini safari ya moyo ndiyo isiyokatika njia ya mkato, na hiyo ndiyo waliyoikata.

Ikiwa nitaulizwa ningaliongeza nini, sitaomba hotuba. Hata sehemu nzima ya ziada siiombi. Watunzi walikuwa na walichokihitaji mikononi mwao tangu 2014, kile kifurushi cha mchunga mbuzi. Katika mji wote ule hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kuliko Daenerys mtoto huonekanaje baada ya joka kupita. Usiku ule wa kabla ya vita ungaliweza kumkuta akimkumbuka yule baba. Labda angalimweleza Tyrion habari zake, naye Tyrion angalidhani zinamlainisha. Labda yeye mwenyewe angalisema kwamba aliyafunga majoka kwa ajili ya mtoto mmoja, na kwa sababu ya kuyafunga Meereen ikamponyoka, na kwamba hatakosa vile mara ya pili. Hapo ukatili wake ungalikuwa umetoka katika huruma yake mwenyewe, kwa njia ambayo kila mmoja wetu angaliitambua na kuiogopa. Kengele zingalilia, naye angaliutazama mji akiwa na mifupa ile mbele ya macho yake, akaruka akijua. Walivyoandika, kengele zililia, na mwanamke aliyekuwa juu ya ukuta hakuwa na la kukumbuka ila jumba.